Aliyebaki Juu ya Kisima

Juzijuzi alikuja kijana mmoja kutoka mkoani, begi la kompyuta mgongoni, viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilivishika kabla hajaketi. Alikuja kutufundisha usalama mtaani. Alipofika kwenye habari za visima na mashimo ya vyoo, akakuta tunamsaidia kusema. Akashangaa. Akauliza ni nani aliyetufundisha kwamba mwano wa kisima ukipigwa, wanaofika kwanza wanashikana mikono kuzunguka mdomo wa kisima, wamekipa mgongo, asipite mtu, huku wengine wakikimbilia kamba, taa na matawi ya mti. Watu wakamjibu, "Ndiyo desturi yetu."

Desturi! Nilicheka hadi jirani yangu akanifinya. Hiyo desturi naijua siku ilipozaliwa. Ilizaliwa kwa kilio, na nusura imfukuze mdogo wangu katika mji huu.

Kwa asiye wa kwetu, mwano ni ukelele wa hatari. Ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiungua, mtu akivamiwa, hupigwa mwano, na kila mwenye miguu anatakiwa kutoka mbio na chochote alicho nacho mkononi. Asiyetoka ana lake jambo. Miaka ile sungusungu, walinzi wa jadi, walikuwa wanaogopwa kuliko polisi, na aliyedharau mwano aliitwa kwenye kikao chao. Kosa likiwa kubwa, alitengwa. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsalimia, mkewe hachoti maji wanapochota wenzake, akifiwa anazika peke yake. Na atakayemhurumia naye anatengwa. Bora jela, jela wanakupa ugali.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa halmashauri katika mji mdogo, siutaji, njiani kwenda Bariadi. Hatukuwa na mkoa wetu bado. Barua zote zilikwenda Shinyanga na kurudi zimechoka. Nilizaliwa Lingeka, kwenye pamba na ng'ombe, nikaletwa hapa na ndoa. Ndoa ikaisha, stoo ikabaki.

Ilikuwa miaka ya ruksa na soko huria. Wanunuzi wa pamba walikuja kila mmoja na mzani wake, na mitumba ikamwagwa chini kila siku ya mnada. Wenye uwezo wakaanza kuleta mashine ambazo zamani tulikuwa tukizisikia tu. Wakati huohuo serikali ikasema ina wafanyakazi wengi mno, likapita panga. Gengi letu la visima na vyoo lilikuwa la watu wengi wenye kelele. Likabaki na wawili. Mmoja alikuwa kiongozi wa gengi, na wa pili mdogo wangu wa kiume, ilumbu wangu, tumbo moja.

Kiongozi alikuwa mtu mkubwa, mkubwa wa mwili na wa sauti. Ujanani alikuwa mchezaji ngoma wa kusifika, na hata uzeeni alitembea kama anayejua kuna watu wanamtazama. Alipenda utani. Mimi alikuwa akiniita mke wake mdogo, na mkewe hasa, mama mmoja mpole mwenye sauti ndogo, alikuwa akiniuliza kanisani, "Mke mwenzangu, huyu mzee wetu unamlisha lini? Mimi nimechoka." Tulicheka sana na yule mama. Walikuwa na watoto watatu, wote wa kiume, wote wameshabalehe, wamepanda juu kama baba yao.

Mdogo wangu yeye si mtu wa maneno. Ni mtu wa kushika neno. Utotoni mama alimwambia, "Kaa hapa usiondoke, narudi sasa hivi," mama akakutana na shoga zake njiani, mvua ikanyesha, na mtoto akakutwa palepale amelowa chapachapa. Mama alimpiga kwa ujinga wake. Halafu akalia.

Sasa, wale waliobaki baada ya panga walikuwa wanafanya kazi ya watu wengi, na walikuwa wanaumia. Mfagiaji wa soko alikatwa na chupa, kidole kikaoza. Wa machinjioni alichomwa na pembe. Mimi stoo nilikuwa na mabuti ya mpira na glavu za ngozi, vipya, vimefungwa kwenye nailoni, na afisa ugavi hataki vitoke. Alisema vikitoka vitachakaa. Nilimwambia mbele za watu, "Bosi, haya mabuti yanamngoja nani? Panya wa humu ndani hawavai viatu." Hakuongea nami mwezi mzima. Mh! Kama aliniadhibu basi adhabu ilinipendeza.

Mabuti yalitoka alipokuja bwana afya mpya. Alikuwa kijana wa Tanga, Kiswahili chake laini kama uji wa mgonjwa, anasema "tafadhali" hata kwa mbwa. Lakini alikuwa mkaidi kwa upole wake. Alimkalia mkurugenzi kooni mpaka halmashauri ikakubali kila mwenye kazi ya hatari afundishwe, avalishwe, na asipovaa arudishwe nyumbani. Walianza na machinjio, wakafuata sokoni, na mwisho gengi la visima. Nami nikaitwa, maana vifaa vilikuwa vyangu.

Yale mafunzo nayakumbuka vizuri. Tulikaa uani pa ofisi, penye kisima chetu wenyewe. Bwana afya alitoa taa ya chemli akaifunga kwenye kamba. "Kabla ya mtu kushuka, taa itangulie," akasema. "Ikizima, hashuki mtu. Na hata isipozima, kama kuna injini imewaka humo ndani leo, vilevile hashuki mtu. Ule moshi unaua na mwenyewe huuoni." Kisha akaja kwenye kamba. Anayeshuka afungwe kamba chini ya makwapa, na mwenzake wa juu aishike.

Kiongozi akasimama. Tukajua raha imeanza.

"Bwana afya, mwanangu," akasema, "kwetu ng'ombe ndiye anayefungwa kamba. Mtu hufungwa akiiba. Sasa mimi nikifungwa, nimeiba nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Bwana afya naye akacheka, akangoja, akaendelea. Akasema neno la mwisho, ambalo ndilo zito: wa chini akianguka, wa juu habanduki. Haruki, hashuki, hata awe ni ndugu yake. Anavuta kamba, anaita watu, anabaki juu. "Akishuka wa pili," akasema, "tutazika wawili. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Hapo hakuna aliyecheka. Niliona nyuso zikifunga. Kwetu mtu anaitwa mwoga polepole, nyuma ya nyumba, si mbele ya mkutano. Kiongozi alitema mate pembeni akasema kwa upole, wala si kwa utani, "Kwetu mwano ukipigwa, anayebaki juu ndiye tunayemtafuta kesho."

Bwana afya alimjibu kwamba hapa tunasema habari za kazi. Kiongozi akasema ndiyo, amesikia. Tukanywa soda tukaondoka. Mdogo wangu peke yake alibaki akimwuliza bwana afya jinsi ya kufunga lile fundo la kamba, akalifunga na kulifungua mpaka nikamwambia stoo inafungwa.

Mwezi haukupita. Ilikuwa kiangazi kile cha kabla ya mvua za kupandia pamba, jua linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo. Visima vilikuwa vimeshuka sana. Mfanyabiashara mmoja jirani na soko alikuwa amenunua pampu ya petroli huko Bariadi, anajaza mapipa na kuwauzia wafyatua matofali. Maji yalipozidi kwenda chini pampu haikuweza tena kuvuta kutoka juu. Basi akaiteremsha yenyewe kisimani, akaikalisha kwenye kingo iliyochongwa ukutani, ikawaka humohumo. Siku ile ilivuta matope tangu alfajiri mpaka ikakohoa. Wakaitoa, wakaja halmashauri kuomba kisima kizibuliwe.

Kiongozi na mdogo wangu walikwenda. Niliwapa mimi mwenyewe kamba, taa, mabuti, kulabu ya kuopolea ndoo na beleshi. Kiongozi akaniambia, "Mke mdogo, jioni nipikie michembe ya viazi na karanga." Nikamwambia apikiwe na kamba yake. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na siyajutii, alicheka sana.

Yaliyotokea pale nimeyasikia kwa mdogo wangu na kwa mke wa mfanyabiashara, na wote wawili wanasema sawa. Mke aliwaambia kwamba mashine imetoka kuzimwa. Mdogo wangu akasema basi leo hapashukiki, turudi kesho. Kiongozi akasema moshi hupanda juu, nani amewahi kuona moshi unashuka? Mdogo wangu akatoa kamba. Wanawake wa jirani walikuwa wamejaa pale na ndoo zao, wanamtazama mzee wa ngoma. Kiongozi akaichukua ile kamba, akaiviringa vizuri, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli. Akavua shati. Akashuka kwa vishikizo vya ukutani huku akiimba, na mdogo wangu juu anamsihi, "Baba, rudi. Baba, tafadhali." Kufika nusu ya kisima, wimbo ukakatika. Wakasikia maji.

Mwano ulipopigwa nilikuwa nagawa fagio. Nilitoka mbio na funguo mkononi, kama wote. Soko zima lilikwenda. Wengine walikuwa na fimbo na mapanga, wakidhani ni wezi wa ng'ombe.

Nilipofika niliona jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya mdomo wa kisima, miguu ameipanua, beleshi mikononi, amewageuzia watu uso. Watu wanapiga kelele, "Shuka! Mwenzako anakufa, shuka!" Naye anasema, "Hashuki mtu." Wakajitokeza vijana wawili, watatu, wameshavua mashati. Akawapungia beleshi wakarudi nyuma. Wanawake wakaanza kumtukana. Yaani ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, anaitwa mchawi mbele ya soko, na mimi nimesimama pale na funguo zangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha wakaja watoto wa kiongozi, wote watatu, mbio kutoka shambani. Yule mkubwa hakuuliza. Alipasua watu, akaenda moja kwa moja kwenye shimo, analia, "Baba! Baba!" Mdogo wangu akamwambia asogee nyuma. Hakusogea. Mdogo wangu akampiga na mpini wa beleshi begani, kwa nguvu zake zote, tukasikia mfupa ukivunjika. Kijana akaanguka chini. Wale wawili walipomwinamia kaka yao, mdogo wangu akasimama kati yao na shimo.

"Leteni taa," akasema. "Mnione kama nasema uongo."

Akaiteremsha chemli ikiwaka, kwa kamba ya ndoo. Kila mtu aliona. Ilipofika karibu na maji moto ulipungua, ukawa mdogo, ukafa. Akaivuta, akaiwasha tena, akaiteremsha tena. Ikafa tena. Mmoja akasema ni upepo. Upepo, kisimani! Lakini mtu akitaka kuamini kitu hakosi sababu.

Nikaona nisimame bure au nifanye kazi. Nikachukua ile kamba kwenye baiskeli nikampelekea. Tukafunga tawi kubwa la mwarobaini, tukawa tunalishusha na kulipandisha kupepea hewa, na mke wa mfanyabiashara na wenzake wakawa wanamwaga maji kwa ndoo, kama bwana afya alivyokuwa ameeleza. Mdogo wangu akalala kifudifudi ukingoni na kulabu, ameifunga kwenye kamba ya ndoo. Aliikosa suruali ya mzee, akaikosa tena, akaikosa tena. Mwishowe ikashika mkanda. Wakavuta wanaume wengi, na kiongozi akatoka, mzito, matope mpaka machoni. Alikuwa ameshakufa.

Yule mtoto mkubwa, ameshika bega lake, akasema taratibu, "Umemuua baba yangu." Kamanda wa sungusungu alikuwepo, mtu mrefu mwenye upinde, ambaye siku zote alinisalimia vizuri. Akamtazama mdogo wangu akasema, "Mwano umepigwa na wewe umeuzuia. Tangu nizaliwe sijaliona hilo. Tuzike kwanza. Kisha tutakaa."

Kila mtu alijua wakikaa watasema nini.

Na hawakungoja kukaa. Jioni ileile wifi yangu alikwenda kuchota maji, foleni ikafumba. Hakuna aliyemfukuza. Walisimama tu, ndoo kwa ndoo, hakuna nafasi. Alirudi na ndoo kavu. Asubuhi niliamkia kwao nikakuta jiko halina moto na watoto wanakula michembe mikavu. Mdogo wangu amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Nikamsalimia, "Mwangaluka," akaniitikia kama mtu aliyetoka mbali.

"Dada," akasema, "nimefanya vibaya?"

"Hukufanya vibaya."

"Mbona nasikia vibaya hivi?"

Nilikwenda kwa kamanda. Sikubisha hodi, na kwa kawaida mimi ni mtu wa hodi. Nilimkuta anakunywa uji nikamwambia, "Wewe mzee, ungetaka tuvute wangapi kisimani ndipo uitwe mwano? Taa uliiona kwa macho yako ikizima!" Akaweka kata chini. Akaniambia kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulioniudhi, kwamba taa ameiona. Lakini mwano si taa. Leo mmoja akizuia mwano kwa sababu nzuri, kesho mwingine atazuia kwa sababu mbaya, na wezi wa ng'ombe wakija nani atatoka? Nikataka kumtukana nikakosa tusi, maana neno lake halikuwa la kijinga. Hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, ukimkasirikia mtu na unamwelewa.

Njiani nikakutana na bwana afya, macho mekundu, karatasi mkononi. Alitaka kwenda msibani kuwaeleza watu habari ya hewa chafu. Nikamnyang'anya ile karatasi. "Pale si semina, baba. Pale ni kilio. Nenda ukakae na wanaume, unyamaze."

"Nilikosea wapi?" akaniuliza. "Nilifundisha kila kitu."

"Ulimfundisha wa kubaki juu," nikamwambia. "Hukuwafundisha watakaomkuta amebaki juu."

Akanitazama. Baadaye, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka alipohamishwa. Halmashauri ikaacha kufundishia uani, bwana afya akawa anafuatana na kamanda kwenye mikutano ya sungusungu, huku mpaka vijiji vya Meatu, kamanda anatafsiri kwa Kisukuma kwa ukali wake, na taa inashushwa kisimani mbele ya watu wote. Ile ya kushikana mikono kuzunguka kisima ni wazo la kamanda. Alisema mwano hauzuiwi, ila unaweza kuelekezwa. Lakini hayo yote yalikuja baada ya maziko. Kama maziko yangekwenda vingine, nadhani yasingekuja.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa kiongozi, pembeni mwa zizi. Mdogo wangu alikuja na jembe lake begani kuchimba kaburi, kama anavyotakiwa kila mwanaume. Alipolishusha, mtu mmoja akalichukua mkononi mwake, pole kabisa, akaliegemeza kwenye ua. Hakuambiwa kitu. Nilidhani ataondoka. Ningeondoka mimi, tena kwa matusi. Yeye alikwenda akakaa chini juani, peke yake, mgongo kwenye ule ua, karibu na jembe lake. Akakaa hapo mpaka kaburi likaisha. Hata bwana afya, aliyekuwa kati ya wanaume, alianza kuinuka amfuate, nikamkata jicho akakaa.

Kamba ya kushushia jeneza walikuja kuiomba stoo. Nilikuwa nayo moja tu. Nikawapa ileile.

Mimi nikaingia ndani kwa wanawake. Mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa amekifunika kanga. Tangu jana hakuwa amesema wala kula. Nilikaa karibu naye, na wanawake wengine wakasogea kidogo, kila mmoja kwa sababu yake, mpaka pakawa na nafasi kunizunguka. Nikajua na mimi nimeshaanza kutengwa. Basi. Nikajitengeneza vizuri kwenye nafasi yangu.

Mjane akanigeukia. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mayu, mama yangu."

"Wanangu walifika?"

"Walifika."

"Wote watatu?"

"Wote, mayu."

"Walitaka kushuka?"

Nikasema ndiyo, na yule mkubwa alikuwa amekaribia kabisa. Nje walikuwa wanaimba. Akauliza, "Na huyu wangu bega limevunjwa na nani?"

Nikaona nisimfiche. "Na ilumbu wangu."

Akafunika tena kichwa. Baada ya muda akaomba maji, nikampa, akanywa yote.

Tulipotoka kwenda kaburini jua lilikuwa limeanza kulala. Katekista alisali. Kwetu lazima wawepo watu chini, kaburini, wa kulipokea jeneza na kulilaza vizuri, na watu hao ni wa karibu, mtoto au ndugu wa damu. Kaka wa marehemu alishashuka. Mtoto mkubwa, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, hakuweza, basi wa pili akawa anavua viatu.

Mjane akainua mkono.

"Wewe ngoja," akamwambia mwanawe. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, lakini watu walinyamaza. "Yuko wapi yule aliyekataa kushuka?"

Vichwa viligeuka uani.

"Aje ashuke sasa."

Jamani. Watu wakanong'ona, na yako manong'ono yaliyokuwa ya furaha, niliyasikia. Nilijua wanachofikiri: anamwaibisha mbele ya maiti, anamwapiza, huyu hatatoka mji huu salama. Nilitaka kupiga kelele asishuke. Lakini mdogo wangu, nimeshasema, ni mtu wa kushika neno. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akapita katikati ya watu, nao wakampisha kama anayeambukiza. Akavua ndala zake. Akashuka kaburini.

Wakateremsha jeneza kwa kamba. Alilipokea kwa kifua na mikono, yeye na kaka wa marehemu, wakalilaza. Nilimwona akiinyoosha ile kamba na kuitoa chini ya jeneza bila kulitikisa, taratibu kabisa. Kaka wa marehemu akavutwa juu. Mdogo wangu akabaki chini peke yake, anatutazama. Hakuna aliyempa mkono.

Mjane alisogea mpaka ukingoni. Hakumtazama yeye. Alimtazama kamanda, kisha akawatazama wale vijana waliokuwa wamevua mashati siku ile, mmoja mmoja, na mama zao walikuwa wamesimama palepale.

"Hapa nimechimbiwa shimo moja," akasema. "Linanitosha. Mlitaka nichimbiwe manne?"

Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akianza kulia, kilio kingine, si kile cha msiba. Alikuwa mama wa mmojawapo wa wale vijana. Kamanda aliondoa upinde begani, akauweka chini kwenye nyasi.

Mjane akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Mtoe," akasema.

Kijana alisimama. Aliangalia bega lake, akaangalia shimo, akaangalia tena mama yake, naye mama hakurudia neno. Kisha akapiga goti pale ukingoni kwenye udongo uliochimbuliwa, akateremsha mkono wake mzima. Mdogo wangu akaushika.